Intaneti ya satelaiti "spidi kama faiba": tunapigwa changa la macho mchana kweupe

Wakuu, huku kwetu faiba haijafika na wala haina dalili, kwahiyo tunaangukia kwenye dishi, na hapo ndo hawa jamaa wanapotukamatia maana wanajua hatuna pa kukimbilia. Tangazo lao linasema spidi kama faiba. Ya wapi hiyo?? Satelaiti yao iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, ombi lako lipande, lishuke kwenye kituo chao, jibu nalo lipande lishuke kwako, hata kwa mwendo wa mwanga hapo ni karibu nusu sekunde imeshaenda. Nikipima muda wa ombi kwenda na jibu kurudi napata milisekunde 600 na ushee na hakuna fundi wa kurekebisha hiyo, ni umbali sio ubovu. Sasa kwanini usimwambie mteja kabla hajasaini mkataba wa mwaka mzima?

Megabiti zinakuja vizuri tu, ndo wanachokuonyesha siku ya kufunga dishi. Ingia sasa kwenye mkutano wa video. Unaongea, kimya, unadhani hawajakusikia unarudia, kumbe jibu lao liko njiani mnagongana, wote mnasema "samahani endelea" halafu wote mnanyamaza. Nikiwasha VPN ya kazini (ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) ndo kabisa, ule ujanja wao wa kuharakisha data haufanyi kazi kwenye data iliyofungwa kwa siri, spidi inaporomoka, na huduma kwa wateja wanachojua ni zima rauta uwashe. Nimezima mpaka kitufe kimelegea.

Halafu hiyo "bila kikomo" yao. Ukivuka kiwango walichokificha kwa herufi za sisimizi kwenye mkataba wanakubana mpaka ukurasa wa benki haufunguki. Mvua ikikaza ndo basi (hilo siwalaumu sana, mvua kubwa inafifisha mawimbi yale, ila bili mbona haipungui).

Najua mtasema nihamie zile satelaiti za chini, za kilomita 550 hivi, ambazo kweli hazicheleweshi hivyo. Nilishaomba, naambiwa eneo limejaa nisubiri, si watu wote wa eneo moja mnagawana uwezo uleule. Kwahiyo nimebaki na hawa. Kuna aliyewahi kuvunja mkataba wa hivi kabla ya muda bila kulipa faini? Ulisimamia hoja gani?