Kozi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) hapa Texas, nianzie wapi?

mgeni_wa_houston: Jamani habarini, nimeingia Houston juzijuzi tu, kibali cha kazi ninacho, nataka kusoma CNA ila ada ya shule sina na Kiingereza cha kusoma bado kinasuasua. Kuna njia?

dada_mkubwa: Karibu mdogo wangu. Usikimbilie kulipa, pita kwenye nyumba za wazee uliza kama wanafundisha wenyewe, maana wakishakuajiri sheria ya serikali kuu hairuhusu wakutoze ada ya kozi wala ya mtihani. Kwa Texas ni masaa 100, 60 ya darasani na 40 kwa wagonjwa

zamu_ya_usiku: Na hata ukijilipia, nyumba ya wazee ikikuajiri ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza kuna utaratibu wa kurudishiwa, wengi hawaulizi. Mtihani wa maandishi unaweza kuomba wa kusomewa kwa sauti. Vitendo ndo vinaangusha watu, yani mtu ananawa vizuri kabisa alafu anafunga bomba kwa mkono mtupu bila tishu

mgeni_wa_houston: Eti bomba 😂 asanteni sana, Jumatatu naanza kuzunguka

dada_mkubwa: Vaa viatu vya kusimama siku nzima, sio sendo