Malaria kali, mkojo umepungua, kreatinini haipimiki: tuanzie wapi?

Nesi_Zamu: Habari za kazi wakuu. Hospitali ya wilaya, mwanamume wa kilo 60, malaria kali, yuko kwenye artesuneti ya sindano (dawa ya malaria kali). Kwa saa 6 anatoa mkojo ml 20 tu kwa saa. Maabara vitendanishi vya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) vimekwisha. Aongezewe dripu au apewe furosemaidi (dawa ya kukojoza)? Na rufaa lini?

Tabibu_Bara: Pole na kazi, sista. Kreatinini isikuzuie. Mkojo chini ya ml 0.5 kwa kilo kwa saa, saa 6 mfululizo, unatosha kusema figo zimeumia. Kwa kilo 60 hiyo ni ml 180 kwa saa 6. Huyu ana 120. Ila kwanza shika tumbo la chini: kibofu kimejaa? Kama ana mpira wa mkojo, angalia haujakunjwa wala kuziba. Halafu chovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo. Kikionyesha damu na hadubini haioni seli nyekundu, fikiria hemoglobini ya seli zilizopasuka.

Dkt_Wodi4: Furosemaidi haiponyi figo, kazi yake ni kutoa maji yaliyozidi mwilini. Aliyekauka kwa kuhara anahitaji maji, tena haraka. Malaria kali kwa mtu mzima ni habari nyingine kabisa: mishipa ya mapafu huvuja, na dripu za mbio zinaweza kumuua figo zikiwa bado zinapona. Mpe kidogo kidogo, na kabla ya kila nyongeza hesabu pumzi, pima oksijeni, sikiliza mapafu nyuma chini. Ukisikia majimaji, funga dripu.

Diklofenaki (ya maumivu) na jentamaisini (antibayotiki) huumiza figo, zifutwe kwenye chati leo hii. Artesuneti msipunguze: mg 2.4 kwa kilo, saa 0, 12 na 24 tangu dozi ya kwanza. Inayopunguzwa ni kwinini, kwa theluthi moja, figo zikiwa bado mbovu baada ya saa 48.

Tabibu_Bara: Naongezea suala la potasiamu, chumvi ya damu ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa. Ikipanda, kalsiamu glukoneti hulinda moyo tu, haiishushi. Inayoishusha ni insulini pamoja na glukosi, na hapo sukari ipimwe mara kwa mara kwa saa 6: figo mbovu huchelewa kuondoa insulini, na malaria yenyewe hushusha sukari.

Dkt_Wodi4: Rufaa msisubiri mkojo ukauke kabisa. Potasiamu zaidi ya 6.5, mapafu kujaa maji, pumzi nzito za asidi kuzidi kwenye damu au kuchanganyikiwa kunakoongezeka: aondoke leo. Pigeni simu kwanza kuuliza dayalisisi (kusafisha damu badala ya figo), hata ya tumbo, maana hiyo haihitaji mashine. Barua iwe na uzito, mkojo wa kila saa, maji yote aliyopewa, na kila dawa na saa yake.

Nesi_Zamu: Asanteni sana. Chati ya maji naifungua sasa hivi.