Tamasha la kumuenzi mwalimu wetu: napiga mbele ya wapiga kinanda wenzangu, naogopa

SautiYaTatu
Wakuu salaam. Mwalimu aliyenifundisha kinanda alifariki mwaka jana, sasa parokiani tumepanga tamasha la kumuenzi, jumamosi ya karibu na tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mt. Sesilia somo wa wanamuziki. Tuko wapiga kinanda saba, wote wanafunzi wake, kila mtu vipande viwili. Misa ya watu elfu siogopi, ukikosea nani anajua, lakini hawa sita watakaa benchi la mbele wanakodolea vidole vyangu tu. Mmoja anafanyia mazoezi fyugi (kile kipande kigumu ambacho sauti zinafukuzana) ya Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, kwenye pedali anakanyaga kama anaendesha baiskeli. Mimi solfa (do re mi) ndo nyumbani, staff, yaani nota za kwenye mistari mitano, nasoma kwa kuhesabu mistari. Nipige nini nisiaibike?

BesiMzee
Dogo achana na fyugi. Chukua wimbo wa komunyo aliokuwa anaupenda marehemu, beti mbili, taratibu. Sauti ya ogani hata ubonyeze kwa hasira haiongezeki, inalia vilevile mpaka uachie, kwa hiyo wapiga kinanda wenzako watasikiliza unavyounganisha nota. Kidole cha nne kimeshika soh, ingiza cha tano kwenye funguo hiyohiyo ndo uachie cha nne. Na usikanyage sasteini, ile pedali ya kurefusha sauti, nota zitalundikana iwe uji.

MamaAlto
Mimi naomba kutofautiana na mzee kidogo. Bach mwenyewe alianza kama mpiga kinanda wa kanisa tu pale Arnstadt, 1703, na ana preludio (vipande vya utangulizi) fupi nzuri sana za nyimbo za ibada, si lazima fyugi. Ila kama hicho kinanda hakina pedali basi besi utaibeba na mkono wa kushoto pamoja na sauti ya tena (tenor), hapo wengi wanachemka.

Kinanda61
Nyie mnaongelea Bach, mimi naongelea kitufe. ANGALIA TRANSPOZI, kile cha kupandisha na kushusha ufunguo, kabla hujagusa kitu!! Kwenye tamasha kama hilo jamaa aliyenitangulia aliacha +3, mimi naanza utangulizi wa G inatoka B flat, nikajua nimerogwa, kwaya ikapokea hivyohivyo, soprano waliotakiwa kuishia E wakajikuta wanaitafuta G, kuna dada alikaa chini kabisa. Na waya wa spika ukiwa mmoja chomeka tundu la L/MONO, usichomeke R.

SautiYaTatu
😂😂 Pole mkuu. Jana usiku nimefukua nakala zake, nimepata ule wa komunyo ameuandika kwa mkono kwa solfa, kila mwisho wa mstari kaweka mkato mwekundu wa biro, na pembeni kaandika "wasubiri". Nikakumbuka pale alikuwa ananyanyua mikono yote miwili kinanda kinyamaze watu wavute pumzi, na sisi wanafunzi tulikuwa tunaona kama kasahau nota. Nimeupiga na ile mikato yote, saa sita usiku, hedifoni masikioni. Nitapiga huo. Kipande cha pili mama nitatafuta hizo preludio, ikishindikana narudia huohuo kwa sauti ya filimbi.

Tatizo limebaki moja, ratiba imetoka nimepangwa wa mwisho, nyuma ya yule wa baiskeli.

Kinanda61
Transpozi mkuu. Transpozi.