Bwana wa kibanda cha vidio ametukatia filamu majini wako mtaroni!!!

Nimetoka huko sasa hivi, hata kanzu sijavua, mikono yatetemeka. Simtaji. Amu nzima, hapa Lamu, inamjua, yule aliyefunga rimoti kwa uzi akaivaa shingoni kama hirizi.

Tulikubaliana naye tangu juzi. Hamsini kila kichwa, tulikuwa watu 19, flashi yangu mwenyewe. Nilitaka wenzangu waione The Secret War, ile fupi ya 2019 katika mfululizo wa Love, Death & Robots. Haifiki dakika 20. Dakika 20 tu, si shamba la babake nimeomba!

Ikaanza vizuri. Askari wa Jeshi Jekundu, Vita vya Pili vya Dunia, msitu wa Siberia, theluji tupu. Wanaingia kijijini, watu wamechinjwa wote, na aliyechinja si Mjerumani. Kumbe miaka ya nyuma wakubwa wao wenyewe walifanya kafara kuita mashetani wawapiganie. Mashetani wakaitika, wakakataa kutumwa. Mzee mmoja wa jahazi pale mbele akasema, "Jini wa kutumwa huyo. Akishindikana humrudia aliyemwita." Kibanda kizima kimya. Hata mtoto wa bajia aliacha kupita.

Askari wamejichimbia mtaro, risasi za kuhesabu, wale viumbe wanamiminika kama siafu. Na hapo, HAPO, akabonyeza rimoti. Tangazo la sabuni! Mechi yenyewe bado nusu saa!

Nikasimama nikamwambia kwa adabu, "Bwana, zimebaki dakika tatu." Akanitazama mbele ya watu wote: "Katuni katazame kwa mamako."

Kwa mamangu!

Katuni? Ile kazi ni ya Digic Pictures wa Budapest, Hungaria. Wamechora mpaka mvuke wa pumzi ya askari kwenye baridi. Kuchorwa kwa kompyuta hakuifanyi ya watoto. Mtoto akiiona ile atakojoa kitandani mpaka siku ya harusi yake. Mzee wa jahazi aliyevuka bahari yote hii kikombe kilimtoka mkononi, halafu mtu aniambie katuni. Tena kwa mamangu, watu 18 wakisikia. Viumbe washafika mtaroni, jamani. MTARONI.

Hamsini zangu sizitaki. Nataka aombe radhi mbele ya wale wale.

Langoni_Kwetu: Pole sana ndugu yangu. Huyo ndiye aliyetuzimia feni tukimaliza kulipa, akasema upepo wa kusi watosha. Tulitoka tumelowa kama waliopinduka na mashua.

Kijana_Shela: Hahahaa mtu mzima na kanzu yake analilia katuni! Sheikh, mama amekwambiaje, ameshakuwekea?

Mleta uzi: @Kijana_Shela mamangu usimtie. Wewe ungekaa pale dakika moja ungetoka mbio mpaka Shela bila kupanda mashua.

Chenji_Yangu: Nyinyi mwasema filamu. Mimi chenji yangu ya 150 iko kwake tangu Ramadhani. Kila nikienda, "Kesho, inshallah." Idi mbili zimepita.

Mtu_wa_Malindi: Njooni Malindi muone. Wetu hakatizi, ila anaihadithia yote hujakaa bado. "Huyu atakufa, huyu mchawi, yule mkewe." Na akikosea hakubali, anasema filamu ndiyo imekosea.

Langoni_Kwetu: @Mtu_wa_Malindi bora huyo, angalau mwajua mwisho.

Dada_Mkomani: Kwani mwisho wa hiyo ya askari ulikuwaje?

Kijana_Shela: Wote wanakufa. Halafu ndege za Warusi zinakuja zinamwaga mabomu juu ya mashetani. Tayari, nimewaokolea hamsini.

Mleta uzi: WEWE! Kuna watu 18 hawajaona! Nilikuwa nawatafutia mahali pengine kesho! Wewe na yule mwenye rimoti ni mama mmoja baba mmoja!

Kijana_Shela: Mama usimtie.

Dada_Mkomani: Lakini jamani, mchezo wa majini usiku usiku si mzuri. Na nyumba zetu hizi kongwe, mtu anarudi kwenye kichochoro peke yake.

Chenji_Yangu: Kichochoro cha nyuma ya kibanda chake hakina jini, kina punda wa jirani yake. Amemfunga pale pale njiani. Juzi amenipiga teke la goti, nimekwenda kudai chenji nimerudi nachechemea.

Langoni_Kwetu: Punda yule! Alikula nusu ya mkeka wangu ulioanikwa. Mwenyewe akaniambia nisianike chini.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye filamu. Viumbe wako mtaroni, mtu anaweka sabuni...

Mtu_wa_Malindi: Huku kwetu punda wachache, shida ni tuktuk. Yapita mlangoni mpaka vikombe vyacheza kabatini.

Dada_Mkomani: Nauliza, huyo mtoto wa bajia hapo kibandani ni yule wa karibu na Mkunguni? Zile za kunde?

Chenji_Yangu: Siku hizi za dengu. Na amezipunguza, tano sasa ni kama tatu za zamani.

Langoni_Kwetu: Na chatne imekuwa maji matupu. Hilo nalo lifunguliwe uzi wake.