Uliwahi kumuuguza mume au mke akachukua muda mrefu kupona? Tupeane uzoefu

MamaSakina
Leo asubuhi mume wangu kafunga vifungo vya shati mwenyewe. Vyote 6. Dakika 20 na kitu, jasho linamtoka na baridi hii ya Julai, mimi nimesimama mlangoni nimejizuia nisimsaidie. Alipomaliza kile cha shingoni nikaenda jikoni kulia.

Huu ni mwezi wa 14 tangu kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno nayo yakapotea. Alipokuwa wodini watu hawakukauka: jumuiya, kikoba, wenzake wa kazini. Tuliporudi nyumbani ikaonekana hafi, wakapungua mmoja mmoja. Mliopita huku mliwezaje?

WaPasua
Hapo kwenye watu kupungua nakazia. Mwezi wa kwanza ndizi zilikuwa zinaivia sebuleni kwa wingi. Wa tatu nikawa naenda kununua soko la Mbuyuni mwenyewe.

KiboshoJuu
Dada umenigusa. Sijawahi kuandika hili popote.

Mke wangu aliugua TB sugu 2013. Enzi zile matibabu yalikuwa miezi 20, na miezi 8 ya mwanzo ni sindano karibu kila siku. Alianzia hospitali ya Kibong'oto, na wale watu nawashukuru mpaka leo. Aliporudi nyumbani ndipo nilipoona moto. Kulikuwa na kidonge kimoja tulichoambiwa mapema kwamba kinaweza kuvuruga akili. Unaambiwa, unaitikia, lakini siku mkeo anakutazama usoni na kusema unamtilia sumu kwenye uji, yale maelezo yote yanakimbia. Nilikuwa naonja mbele yake kijiko cha kwanza, kila asubuhi, wiki nyingi. Zile sindano nazo zikaondoka na masikio yake. Sikio moja halisikii kabisa.

Usiku niliochoka kuliko wote ulikuwa wa Aprili, mvua inanyesha, katapika dawa, nimemwogesha, nimebadilisha shuka mara ya 3. Nikakaa chini ukutani nikasema kwa sauti, "Mungu, mchukue basi." Nikainua macho, alikuwa ananiangalia. Sijui kama alisikia. Ni miaka mingi na sijamuuliza.

Yupo, anauza duka. Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 kwa wengi wa wagonjwa wa aina hiyo, bila sindano. Nikisikia hivyo nafurahi, halafu naumia.

MzeeKaloleni
Pole kijana, umefanya kazi. Lakini kumwogesha mke ni kazi ya dada zake. Sisi tulilelewa hivyo.

KiboshoJuu
Meku, mzee wangu, dada zake walikuwa wanamsalimia kutoka getini. Kikombe chake walikitenga.

WaPasua
Mzee Kaloleni samahani, aliyeapa kanisani katika shida na raha ni nani, ni dada?

MzeeKaloleni
Sijamtukana mtu. Nimesema malezi. Na wewe jifunze kuongea na wakubwa.

MkeWaMachame
Mkiacha kugombana niwaeleze ya kwangu.

Wangu kiharusi pia, hakuwa na neno hata moja. Jina langu hakuweza, "maji" hakuweza. Kitanda nilikiweka dirishani aone migomba. Mwezi wa 5, Jumamosi, nimetoka kukata majani ya ng'ombe, nakuta shemeji zangu wawili na kamba shambani. Wanapima kihamba, shamba letu la ukoo! Mmoja anahesabu hatua, mwingine anachomeka vijiti, na mwenye kihamba yuko dirishani macho wazi anawaona. Walidhani kwa kuwa hasemi, haelewi. Nilishindwa hata kupiga kelele.

Akawarushia kikombe. Cha bati, kina uji, kwa mkono wa kushoto. Kilimkosa mkubwa kwa inchi chache. Akaanza kuimba! Wimbo wa kanisani, ubeti mzima, maneno yamenyooka. Mtu ambaye hawezi kusema "maji." Yule mdogo akaacha kamba akakimbia, akidhani ni mizimu.

WaPasua
Yesu na Maria! Ikawaje? Wamerudi?

ChaliiNgarenaro
Mama malizia bwana, nimeshusha abiria nakusoma wewe.

MzeeKaloleni
Kihamba hakigawanywi mwenyewe akiwa hai. Hao waitwe kwenye ukoo.

MkeWaMachame
Waliitwa, wakachinja mbuzi, yakaisha. Kuongea kulichukua mwaka mwingine. Tulikuwa tunaimba kila kitu. "Nataka chai" tuliiimba.

NesiMstaafu
Kuimba huko kupo kweli, si mizimu. Maneno ya kusema na ya kuimba hayapiti njia moja kwenye ubongo. MamaSakina, mwimbishe.

Jingine, na hili nawasihi: msimvute kwa mkono uliopooza mnapomwinua. Bega linateguka, halafu maumivu hayo yanakuja kuzuia mazoezi yote. Mshike kiunoni. Anayepaliwa na maji mpeni vitu vizito, mtori au uji. Na vidonge vya presha asiache eti kwa sababu anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili hakipigi hodi.

WaPasua
Mimi nilimfanyia kila kitu mpaka akasimama. Msimwache mgonjwa ahangaike.

MkeWaMachame
Mimi nilimwacha ahangaike, la sivyo angekuwa bado kitandani. Kijiko kikianguka nilikuwa najifanya sijaona.

ChaliiNgarenaro
Sasa tumfuate nani? Mimi mama watoto ndio kwanza ametoka wodini juzi, ameuma meno hasemi na mtu. Jana kanifukuza chumbani.

KiboshoJuu
Rudi. Kaa tu, usiongee.

NesiMstaafu
Rudi, ila kawaambie na wanaomtibu. Huzuni ya baada ya ugonjwa nayo inatibiwa. Na wewe lala. Tafuta mtu wa kukupokea hata usiku mmoja kwa wiki.

MzeeKaloleni
Kijana, niko karibu na hapo. Jumapili mke wangu atakuja kukaa naye, wewe ukapumzike.

ChaliiNgarenaro
Asante mzee wangu. Nakutafuta jioni.

WaPasua
Mzee, yale ya asubuhi nisamehe.

MzeeKaloleni
Yameisha. MamaSakina, mashati ya mumeo mpelekee fundi abadilishe vifungo aweke vya kunata. Atavaa haraka.

MamaSakina
Nilimwambia hivyo mchana. Akatikisa kichwa, akaenda kabatini. Kesho kachagua lile la mikono mirefu, lenye vifungo mpaka viganjani.