Je, cheti cha shule huria nchini India kihesabiwe sawa na cha shule ya kawaida?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba cheti cha Taasisi ya Taifa ya Shule Huria ya India, ambako mtu husoma bila kuhudhuria darasani kila siku, ni njia ya mkato ya walioshindwa darasani, na kwamba vyuo vina haki ya kukikataa. Siafikiani naye hata kidogo.

Taasisi hiyo iliundwa na serikali yenyewe mwaka 1989, na inatahini darasa la 10 na la 12. Upekee wake uko kwenye muda: mtahiniwa ana miaka 5 na nafasi 9 za kufanya mtihani, na alama za somo alilofaulu hutunzwa. Chukulia msichana anayefanya kazi za ndani tangu alfajiri: mwaka huu anafanya Kihindi na sayansi kimu, mwakani hisabati, hadi masomo 5 yatimie. Mkato wenyewe uko wapi hapo?

Mwaka 2018 Baraza la Madaktari la India lilitunga kanuni ya kuwazuia waliotoka shule huria wasifanye mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Delhi ikaibatilisha. Ilistahili kubatilishwa, kwa kuwa mtihani ule ni mmoja kwa wote, na asiyejua fizikia au biolojia ataangushwa na mtihani huohuo.

Upo uamuzi mmoja wa kukataa usawa ambao naukubali. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ilisema stashahada ya ualimu ya miezi 18 ya taasisi hiyohiyo hailingani na ile ya miaka 2. Ualimu hufunzwa kwa kusimama mbele ya watoto, na miezi iliyopunguzwa haifidiwi na karatasi.

Lakini suala la kutambuliwa haliishii kwenye vyeti, na kinachoniuma zaidi ni shule mbadala za vijijini, yaani zile zinazofundisha kwa njia tofauti na shule za kawaida. Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009 inazitaka shule za binafsi ziwe na cheti cha utambuzi, na jedwali lake la masharti linataja idadi ya walimu, vyoo, maji, uwanja wa michezo na ukuta au uzio, lakini halisemi lolote kuhusu iwapo mtoto amejua kusoma. Maji na vyoo sina ubishi navyo. Lakini mshairi Rabindranath Tagore alianzisha shule ya Santiniketan mwaka 1901, watoto wakisomea chini ya miti, na chuo kilichokua kutokana nayo kikafanywa na bunge chuo kikuu cha taifa mwaka 1951. Wanaoitetea sheria hii watujibu: shule ya kijijini ikifungwa kwa kukosa uzio, watoto waliokuwa wakijifunza vizuri humo wapelekwe wapi kesho yake asubuhi?