Demareri ya Hilux: kuitengeneza, kuchukua okazyo, kopi au mpya ya asili?

Dereva wa Mudaka
Wandugu, salamu. Nina Hilux ya mazuti (dizeli), injini 3L, nabeba nayo mboga na mihogo toka Mudaka mpaka soko la Kadutu. Hii ni wiki ya pili: asubuhi nageuza funguo, inalia "ta!" mara moja, kisha kimya. Taa za dashibodi zinabaki na nguvu yake. Nikirudia mara saba, nane, inashika vizuri kabisa. Nyumbani naiegesha kwenye mteremko niishushe ikigoma, lakini juzi kule Mudaka nilikuwa kwenye tambarare, vijana sita wakanisukuma huku nyanya zinapigwa jua.

Garaji wamesema demareri (stata, mota ndogo inayogeuza injini iwake) imekufa. Kuna ya okazyo, yaani iliyotumika, kutoka Dubai kwa nusu ya bei ya mpya. Kuna kopi ya Uchina, iko ndani ya katoni yake, bei chini kidogo ya hiyo okazyo. Kuna ya asili, lakini hiyo itameza faida yangu ya miezi. Na kuna mzee mmoja anasema ataitengeneza hii hii. Mngefanya nini?

Fundi wa Kadutu
Mkubwa, usitoe hata franga moja kwanza. Hiyo "ta" moja yenye taa kali ina maana yake. Batri ikichoka, mara nyingi utasikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zinafifia. Kwako umeme upo, ila haufiki kwenye mota.

Pima hivi. Batri ikiwa imepumzika usiku kucha iwe karibu volti 12.6. Mtu apige kontakti, yaani ageuze funguo, wewe ukiangalia: ikishuka chini ya 9.6 injini ikizunguka, shughulikia batri kwanza. Kisha weka waya mmoja wa kipimo kwenye ncha hasi ya batri, mwingine kwenye chuma cha injini, apige tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, fili ya masi (waya wa batri unaofungwa kwenye chuma) imeoza au imelegea. Hapa Bukavu mvua na matope vinaila sana, na watu wanabadilisha demareri nzima kwa ajili ya kebo moja. Mwisho, pima ule waya mdogo wa solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye demareri) funguo ikiwa imegeuzwa. Kama hakuna volti 12 pale, tafuta kwenye relai au kwenye funguo yenyewe. Lakini kwa kuwa "ta" inasikika, sidhani ni huko.

Gari iwe nyutro, na jiwe chini ya gurudumu. Usisahau jiwe!

Wa Barabara ya Uvira
Mimi naunga mkono mpya ya asili. Nilinunua kopi, ikazunguka vizuri miezi minne, halafu bendiksi (sehemu yenye gia ndogo inayoshika injini) ikaanza kuteleza: mota inalia wiii, injini haigeuki. Nilikuwa chini ya Kamanyola na mzigo. Unalipa mara moja, unalala.

Mama wa Vipuri, Nyawera
Kaka, kopi si zote sawa, lakini sikubishii, bendiksi ndiyo sehemu inayoniletea watu kulalamika. Kwa okazyo, mimi nashika hivi: nahesabu meno ya pinioni, ile gia ndogo, na kulinganisha na ya zamani, naangalia matundu ya boliti, nasoma kibandiko kama ni volti 12. Kuna lori ndogo zinazotumia 24, na demareri zake zinafanana kwa macho. Kisha naifunga kwenye meza, naijaribu kwa batri mbele ya mteja. Muuzaji akikataa kuijaribu, ondoka. Ila okazyo nayo ina umri wake ndani, na hakuna anayejua ilizunguka mara ngapi.

Fundi wa Kadutu
Dada amesema kweli. Ndiyo maana mimi ningeanza na yule mzee. Demareri za Denso za aina hiyo zina kifuniko nyuma ya solenoidi, skrubu 3 tu. Ndani kuna vipande viwili vya shaba, na kisahani cha shaba kinachovigusa. Kila ukipiga kontakti, cheche inakula shaba kidogo. Vipande vikiliwa sana, kisahani kinafika mwisho wake bila kugusa vizuri: ndiyo "ta" yako. Vipande hivyo vinauzwa peke yake kwa pesa kidogo sana. Aangalie pia sharbo (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota), kama zimekuwa fupi, na bushi (pete zinazoshika ekseli), kama ekseli inacheza.

Kabla ya kugusa spana, toa kebo hasi ya batri. Kebo nene ya demareri ina umeme muda wote hata funguo ikiwa mfukoni.

Dereva wa Mudaka
Narudi na habari. Batri 12.5. Masi ilikuwa volti 0.2. Tukaishusha demareri, mzee akafungua kifuniko. Kipande cha upande wa batri kilikuwa kimeliwa kimeinama kama ukucha uliokatwa vibaya, cheusi, na chembe za shaba zimetapakaa ndani. Cha upande wa pili kina afya kiasi. Amebadilisha vyote viwili, kisahani akakigeuza upande wa pili kwa kuwa ulikuwa mzima. Sharbo bado ndefu, bushi moja tu ameweka mpya. Siku ya tisa leo, funguo mara moja, inashika.

Wa Barabara ya Uvira
Nafurahi, ndugu yangu. Bado ningeweka pesa pembeni kwa ajili ya asili, kwa sababu mota yenyewe ni ya zamani.

Fundi wa Kadutu
Weka pembeni, ndiyo. Na hii ya zamani usiibadilishe na muuzaji siku hiyo ikifika: kasha na koili zake ni za asili, zitakufaa.

Dereva wa Mudaka
Sawa, mkubwa. Vile vipande vilivyoliwa nimevihifadhi kwenye chupa. Kesho nawapelekea wale garaji wavione.